Gestalt, Rogers au CBT: mguso wako umekatikia wapi?

Swali huja hivi: "Nimeshauriwa nitafute mtaalamu wa saikolojia. Mmoja anafanya CBT, mwingine anasema yeye ni wa Gestalt, wa tatu anamfuata Carl Rogers. Niende kwa nani?" CBT ni tiba ya fikra na tabia, Gestalt ni tiba ya mazungumzo inayotazama kinachotokea sasa hivi kati ya mtu na asiye yeye, na Rogers ni mwanasaikolojia wa Marekani aliyetegemea kusikiliza. Jibu la haraka ni kwamba nenda kwa aliye karibu, mwenye sifa za kufanya kazi hiyo, ambaye ada yake unaimudu. Lakini kama umepata bahati ya kuchagua, kuna dhana moja ya Gestalt inayorahisisha uchaguzi, hata kwa mtu ambaye mwishowe ataishia kwenye CBT. Dhana hiyo ni mguso.

Tuanze na neno lenyewe, maana linaweza kutupoteza njia. Fritz na Laura Perls, mume na mke walioianzisha Gestalt pamoja na wenzao, walikuwa Wajerumani, na kwa lugha yao neno ni Kontakt. Ukiligeuza kuwa "mawasiliano", akili inakimbilia kwenye simu, na mtu anaweza kuwa na namba mia tisa kwenye simu yake asiwe na mguso na hata mmoja. "Ukaribu" pia haufai, kwa kuwa wapo wanaolala kitanda kimoja miaka ishirini bila kugusana kwa maana hii. Mimi nabaki na mguso, ila usifikirie mkono begani. Mguso ni kinachotokea mpakani, pale ninapoishia mimi na anapoanzia asiye mimi, tukakutana na bado tukabaki wawili.

Watu wa pwani wanalielewa jambo hili bila kusoma saikolojia, kwa sababu ya baraza. Baraza si mtaani wala si ndani. Mgeni anafika, anapiga hodi, na aliye ndani anasema karibu, au anasema subiri kidogo, au ananyamaza. Yote matatu ni majibu. Nyumba isiyo na mlango haiwezi kumkaribisha mtu, kwa kuwa kila mpita njia tayari yumo. Iliyozibwa kwa matofali nayo haimkaribishi mtu. Gestalt inauliza habari za mlango wako: unafunguka? Unafungika? Na ni nani anayeushika, wewe au hofu?

Walikoitoa dhana hii

Fritz Perls alizaliwa Berlin mwaka 1893 akasomea udaktari na uchambuzi wa nafsi kwa mtindo wa Freud. Mkewe Laura, aliyezaliwa 1905, alisomea saikolojia Frankfurt, na huko aliwasikiliza mwanafalsafa Martin Buber na mwanateolojia Paul Tillich. Wote wawili walikuwa Wayahudi. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933 walikimbilia Uholanzi, na mwaka uliofuata wakafika Johannesburg. Kitabu cha kwanza cha Fritz, kilichochapwa Durban mwaka 1942, kilichukua mfano wake mkuu kutoka mezani. Mtoto mchanga humeza, mtu mwenye meno hutafuna. Mawaidha, dini, woga wa wazazi, mila, vyote tunalishwa. Ukivitafuna, sehemu inakuwa mwili wako na sehemu unaitema. Ukivimeza vizima, vinakaa tumboni kama jiwe na unavibeba ukidhani ni wewe.

Mwaka 1951, wakiwa tayari New York, kilitoka kitabu kilichoipa tiba hii jina, Fritz akishirikiana na Paul Goodman na Ralph Hefferline. Humo mguso umeelezwa kama mwendo wenye hatua nne, na mfano wa chakula bado unafaa kuliko wowote ninaoujua. Kwanza njaa inajitokeza. Kisha unatafuta, unanusa, unachagua. Halafu unakula, na kwa dakika hizo hakuna kingine duniani. Mwisho unashiba, unakaa, mwili unafanya kazi yake kimya kimya. Watu wengi hudhani tatizo lao liko hatua ya tatu, kwamba hawapati. Wakichunguza wanakuta liko ya kwanza, hawajui wana njaa ya nini, au ya nne, wanakula na kuondoka kabla ya kushiba, mbio kwenda kwenye sahani nyingine.

Kilichoachwa njiani ni kiporo. Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanasaikolojia Kurt Lewin mjini Berlin, aliandika mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyomalizika. Gestalt iliichukua hoja hiyo ikaipeleka kwenye maisha: pole ambayo hukuitoa, hasira uliyoimeza mbele ya baba, kwaheri ambayo haikusemwa. Viporo hivyo havilali. Vinaomba kupashwa moto kila unapokutana na mtu anayefanana na yule.

Jinsi mguso unavyokatika

Hapa ndipo Gestalt inapokuwa na msamiati mzuri kuliko wenzake. Kumeza bila kutafuna nimekwisha kutaja. Kuna kumbandika mwingine: hasira ni yangu, ila naiona usoni mwako, nakuja kukuuliza "mbona umeninunia?" Kuna kujigeuzia: nilitaka kukukaba wewe, sasa naikaba shingo yangu mwenyewe, taya zimebana, kichwa kinauma kila Jumapili jioni. Kuna kuyeyukiana: "sisi tunapenda", "sisi hatuli", na ukiuliza wewe mmoja unapenda nini, hakuna mtu wa kujibu. Erving na Miriam Polster, katika kitabu chao cha 1973, waliongeza kukwepesha, yaani maneno yanatupwa pembeni ya shabaha, kwa mzaha, kwa hadithi ndefu, kwa kuongea na dirisha.

Haya si magonjwa. Aliyejigeuzia ngumi mbele ya bosi wake amelinda mshahara. Mama na kichanga chake wameyeyukiana, na ole wake mtoto ambaye mamaye hajayeyuka. Kila njia ya kukatiza mguso iliwahi kumsaidia mtu mahali fulani. Shida huanza pale njia iliyomwokoa akiwa na miaka saba inapoendelea kufanya kazi yenyewe akiwa na arobaini, bila yeye kuulizwa.

Mtu mmoja, vyumba vitatu

Tuchukue mfano wa kubuni. Dada wa miaka thelathini na kitu, mwalimu. Kaka yake aliuza kiwanja cha urithi bila kumwambia. Tangu hapo hapati usingizi wa maana, na kwenye harusi za ukoo anahakikisha amekaa upande wa pili wa turubai. Anapoingia kwa mtaalamu anasema, "Yameshapita. Nimemwachia Mungu." Anatabasamu. Mkono wake umeufinya mkoba.

Chumba cha CBT kitaanza na usingizi. Analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, anafanya nini kitandani akikosa usingizi. Atapewa daftari. Baada ya vikao viwili vitatu litatokea wazo analolibeba: "Nikimkabili kaka, ukoo utasambaratika, na lawama itakuwa yangu." Mtaalamu hatalipinga wala kulikubali. Wawili watalipima: ushahidi uko wapi, mara ya mwisho mtu wa ukoo alipogombana na mwingine ilikuwaje, lipi baya zaidi linaloweza kutokea na atalibebaje. Kisha jaribio dogo, labda simu ya dakika tano kwa kaka, kuhusu jambo jingine kabisa. Mambo haya yana mwanzo na mwisho. Vikao kwa kawaida ni kati ya sita na ishirini, na njiani kuna dodoso la kuonyesha kama hali inapanda au inashuka. Asili yake ni Aaron Beck, Philadelphia, miaka ya 1960, na kabla yake kidogo Albert Ellis, New York.

Chumba cha Rogers ni kimya zaidi. Hakuna daftari. Mtaalamu anasikiliza, na anachosikia anakirudisha kwa namna inayoonyesha amekisikia kweli: "Unasema yamepita, na bado ni kama kuna uzito." Mkoba hataugusia. Rogers aliamini kwamba mtu akipata mwenziwe anayemwelewa, asiyemhukumu na asiyejifanya, atapata njia mwenyewe. Kwa dada wetu huenda ikawa mara ya kwanza kulia mbele ya mtu ambaye hakumwambia "jikaze". Usidharau jambo hilo. Kuna watu ambao hawajawahi kulipata hata siku moja.

Katika chumba cha Gestalt, swali la kwanza linaweza kuwa: "Umesema yameshapita. Mkono wako unafanya nini?" Anautazama. Anacheka. "Hebu ufinye zaidi kidogo." Anafinya, kicheko kinakatika. Baadaye kidogo kinasogezwa kiti kitupu, mbinu iliyotoka kwenye maigizo ya tiba ya Jacob Moreno, na kaka anakalishwa pale, kwa kufikirika tu. Dada hasimulii habari za kaka, anaongea naye, na anaongea kwa wakati uliopo: "Ninakuona. Ninataka nikuulize." Swali la "kwa nini" husikika kwa nadra. Yanayoulizwa ni "nini" na "vipi": nini kinatokea sasa, unajizuia vipi. Halafu huja swali ambalo vyumba vingine viwili huliuliza kwa nadra: "Na mimi ninayekuuliza haya, unanionaje?" Kwa mtaalamu wa Gestalt, mlango unaochunguzwa hauko nyumbani kwa kaka tu. Uko pia hapa, kati ya viti hivi viwili, na kama unajiziba, unajiziba sasa hivi mbele ya macho yake.

Ninavyoona mimi, tofauti iko hapa. CBT inauliza kama wazo lako ni kweli na kama tendo lako linasaidia. Rogers anatengeneza mahali ambapo unaweza kufungua mlango usiogope. Gestalt inasimama mlangoni na kukuonyesha mkono wako ukiwa juu ya komeo.

Jaribio lililorekodiwa

Ulinganisho huu uliwahi kufanywa kwa vitendo. Mwaka 1965 ilitolewa Marekani filamu ya mafunzo ambamo mama mmoja kijana aliyeachika aliongea kwa zamu na Rogers, Perls na Ellis wenyewe. Kwa Rogers aliuliza habari za uhusiano wake na wanaume na alichomwambia binti yake, na mwishoni akasema alitamani angeweza kuongea hivyo na baba yake. Kwa Ellis alipata somo: mawazo gani yanamfanya aone haya, ayabadilishe vipi. Ellis aliongea kwa kasi na kwa wingi.

Kwa Perls mambo yalikuwa mengine. Mama alisema anaogopa, na Perls akamwonyesha kwamba anatabasamu. Akamwambia anajifanya. Mama alikasirika, akamjibu, na Perls akaonekana kufurahi, kwa sababu hasira ile haikuwa ya kuigiza. Ule ulikuwa mguso, kwa hesabu yake. Mwishoni alipoulizwa nani angemfaa zaidi kwa wakati ule, alimtaja Perls.

Wapenzi wa Gestalt huishia hapo wanaposimulia. Sehemu iliyobaki ni kwamba baadaye mama huyo alikuja kuwa na uchungu na Perls, na aliyeendelea kuwasiliana naye kwa miaka hadi mama huyo alipofariki alikuwa Rogers. Kwa hiyo ukitoka kwenye kikao cha kwanza damu inachemka na unahisi umezaliwa upya, ngoja kwanza. Msisimko ni hatua ya tatu. Ya nne huja nyumbani, baada ya siku kadhaa, na ndiyo inayosema kama umeshiba au umechokozwa tu.

Gestalt ipi?

Jambo hili kwa maoni yangu ni zito kuliko uchaguzi wa jina, na ndilo linalosahaulika. Gestalt ina damu mbili. Fritz, hasa miaka yake kwenye kituo cha mafunzo cha Esalen huko California katikati ya miaka ya 1960, alifanya kazi mbele ya hadhira: mtu mmoja anakaa kiti cha mbele, wengine wanatazama, Perls anachokoza. Laura alibaki New York akiwafundisha watu kwa utaratibu, na yeye alisisitiza kwamba mguso hauwezi kuzidi egemeo alilonalo mtu. Egemeo ni pumzi, ni miguu chini, ni lugha unayoimudu, ni mtu anayekungoja nje. Ukimpokonya mtu ulinzi wake kabla hajapata egemeo, hujampa mguso, umemwangusha. Mafunzo mengi ya leo yanaegemea zaidi upande wa Laura, na nafurahi.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee. Msichana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa hakatizi mguso anapoinama. Anagusana kwa heshima, na mkubwa anajua ameonwa. Mtaalamu atakayemwambia "niangalie machoni" kila dakika tano ameleta mlango wa California na kuubandika kwenye nyumba ya Tanga. Vivyo hivyo kanga. Mwanamke aliyechagua kanga ya maneno fulani akapita nayo mbele ya jirani yake, je, amekwepesha? Kwa kitabu, ndiyo. Ila aliyelengwa amesoma, ameelewa, na kesho atatoka na jibu lake mgongoni. Huo ni mguso wa mbali kidogo, wenye kanuni zake, na wakati mwingine mkali kuliko kiti kitupu. Utani wa makabila nao uchunguzwe hivyo hivyo kabla ya kuitwa ukwepaji. Swali la haki ni moja: baada ya fumbo hilo, je, mmekutana, au kila mmoja amerudi kwake na kiporo?

Sasa uchague

Kama mguso umekatikia kati yako na kitu, nenda CBT bila kusitasita. Unaogopa lifti, hulali, moyo unakwenda mbio kwenye daladala mpaka unashuka, unanawa mikono mara arobaini. Utafiti wa CBT ni mwingi kuliko wa tiba nyingine yoyote ya mazungumzo, na kwa hofu za namna hii ningeona aibu kumpeleka ndugu yangu kwingine kwanza. Mengine yake yamepunguzwa hadi kuwa mepesi: mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, unaotumia baadhi ya mbinu hizo, ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, ukiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalikuwa mazuri.

Kama umekatikia kati yako na mtu, na unajua kila kitu kuhusu tatizo lako, umesoma, umeandika, umeomba, na bado ukikaa na mumeo au mama yako kuna kioo katikati, hapo Gestalt ina haki ya kupewa nafasi. Andaa muda. Wengi huenda kila wiki kwa miezi, na mwisho wake haupangwi mapema. Tafiti zake ni chache kuliko za CBT. Sehemu iliyochunguzwa vizuri zaidi ni kiti kitupu, na kazi kubwa imefanywa na Leslie Greenberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefundisha Toronto, ambaye aliiunganisha mbinu hiyo na usikivu wa Rogers akaunda tiba inayolenga hisia. Ukimpata aliyefunzwa njia hiyo, umepata vyumba viwili kwa ada moja.

Na kama eneo lako halina mtaalamu wa jina lolote kati ya haya? Vijijini Rakai na Masaka, Uganda, watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumzia misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalitoka 2003 na yalikuwa makubwa. Kikundi kizuri kinaweza kuwa baraza ya kutosha.

Kama huwezi hata kufika mlangoni, umefiwa juzi, umechoka kuelezwa, anza na msikilizaji wa aina ya Rogers. Na kama kuna mawazo ya kujiua, sauti zisizosikika na wengine, au tukio la kutisha lililotokea wiki hii, usichague kati ya vitatu hivi. Nenda hospitali kwanza. Kiti kitupu hakifai kwa mtu ambaye tayari anaongea na wasiokuwepo.

Kenya imekuwa na sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo huko kuuliza usajili si utovu wa adabu. Kwingineko uliza mtu alisomea wapi, kwa muda gani, na nani anamsimamia. Kwa wa Gestalt ongeza swali: "Nikisema sitaki zoezi hili, utafanya nini?" Anayejibu kwamba huko ni kujikinga na kwamba atakuvunja, mshukuru, chukua mkoba wako.

Kipimo changu cha mwisho ni cha kikao cha tatu au cha nne. Ngoja mpaka mtaalamu akukosee kidogo, na atakukosea, kisha mwambie: "Hapo hukunielewa." Wa CBT aliye mzuri huenda alikuuliza mwenyewe mwishoni mwa kikao, maana kuomba maoni ni sehemu ya utaratibu wa Beck. Wa Rogers atasikiliza na kurekebisha alivyokuelewa. Wa Gestalt aliye mzuri ataweka kalamu chini, atakutazama, na atataka kujua ilikuwaje kwako kumwambia.